Chakula Cheupe cha Bi Mkasi

Mtu anayekula mara tatu kwa siku, nani atamwambia ana njaa? Hata yeye mwenyewe hathubutu kulitamka neno hilo, ataonekana hana shukrani. Ndivyo yalivyomkuta Bi Mkasi. Alikaa na njaa miaka, na sahani ilikuwa mbele yake imejaa.

Na tuelewane mapema: hakuwa kikongwe. Watu wakisikia habari za mama aliyeanza kusahau, mara moja wanamchora ajuza mwenye mkongojo, meno hana. Wapi! Bi Mkasi alikuwa na sitini na kitu, meno yote yake, na mdomo uliokuwa ukimkata mteja msumbufu kabla mkasi haujagusa kitambaa. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake enzi za usichana, likamganda, hata wanawe wakawa wanamwita hivyo akiwapa kisogo.

Duka lake la ushonaji lilibanwa kati ya duka la misumari na kinyozi. Mbele kulikuwa na vyerehani vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na benchi la wateja. Nyuma ya pazia ndiko kulikokuwa na chumba cha kukatia, na humo meza ndefu aliyomwamuru seremala aitengeneze kwa kimo cha kiuno chake yeye, si cha mtu mwingine. Wengine walishona. Kukata alikata yeye. Na sheria ya chumba hicho ilikuwa moja: chakula hakipiti pazia. Tone la mafuta likidondoka kwenye kitambaa cha bibi harusi, umekwisha. Kwa hiyo akiwa anakata hali, na kwa kuwa alikata kutwa, hakula kutwa.

"Mimi nikishiba mkono unasinzia," alikuwa akisema kwa kujigamba. Mafundi walicheka, kisha wakaenda kula.

Tumbo nalo halikukaa kimya. Likamtoa vidonda. Hospitali wakampa vidonge vya kupunguza asidi, maumivu yakaisha, lakini vidonge havikuisha. Kila kopo lilipokaribia kwisha, mkwe wake alipita duka la dawa akaleta jingine. Huyu mkwe alikuwa mke wa mwanawe mkubwa, dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuonekana nyumbani kama mgeni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu: Bi Mkasi, mkwe wake, na Kitinda, binti yake wa mwisho, aliyeshona naye dukani.

Mkwe alikuwa na moyo wa huruma mpaka unaogopa. Siku moja, kwenye foleni ya dawa, mama mmoja asiyemjua wala asiyejua lolote alimwambia kwamba mwenye vidonda asiguse chakula chenye rangi, rangi ndiyo inayochubua tumbo. Basi! Mkwe akarudi nyumbani na sheria yake. Wali mweupe. Uji mweupe. Mkate mweupe umechovywa kwenye maji ya moto yenye sukari. Nyama marufuku, samaki marufuku, maharage ndiyo usiseme. Yai lilikuwa jeupe kwa nje, lakini mkwe hakudanganyika, alijua kilichomo ndani. Maziwa yalikuwa meupe nje na ndani, ila yalimjaza Bi Mkasi gesi, nayo yakafukuzwa.

Na Bi Mkasi mwenyewe, mwanamke aliyembishia kila mtu maisha yake yote, hilo hakulibishia. Lilimfaa. Chakula cheupe hakitii doa kitambaa cheupe. Kwa mara ya kwanza tangu duka lifunguliwe, bakuli la uji likaruhusiwa kupita pazia. Mkwe alilileta mwenyewe, limefunikwa kwa kitambaa safi, akasimama hapo mpaka mama mkwe alambe kijiko cha mwisho. Majirani walimsifia. Mkwe kama yule, walisema, unampata wapi siku hizi?

Mambo yalianzia kwenye ulimi. Ulimi ukawa laini kama umepigwa pasi, mwekundu, unauma hata kwa maji ya vuguvugu. Kisha miguu ikaanza kufa ganzi, halafu vidole. Hapo ndipo Bi Mkasi aliposhtuka, kwa sababu alikuwa akijua upande wa juu na wa chini wa kitambaa kwa kukigusa tu, amefumba macho. Sasa alikipapasa na kitambaa hakikumwambia kitu. Alimweleza Kitinda.

"Ni umri, Mama," Kitinda akasema, akivuta uzi kwa meno. "Hata mimi mgongo unaniuma."

Baada ya vidole, yakafuata maneno. Alitaka kusema "bitana," kile kitambaa cha ndani ya koti, akasema "blanketi." Alipanda ngazi ya kibarazani akasahau kilichompandisha. Alimkemea fundi kwa kosa, akasahau kosa, akabaki na hasira peke yake, asijue aiweke wapi. Usifikiri hakujua kwamba kuna kitu kinamtoka. Alijua vizuri sana. Asubuhi aliamka akajikagua kichwani kama mtu anayekagua nyumba iliyoingiwa na mwizi, na kila siku palikuwa na kitu kimepungua. Aliogopa, na kwa kuwa hakuwahi kuogopa mbele za watu, akawa mkali zaidi.

Kisha yakaja makoti ya walinzi. Kampuni moja ya ulinzi iliwapa oda kubwa, oda ya kulifuta duka machozi. Ukitandaza kitambaa kimekunjwa mara mbili, mikono ya koti hutoka pea, wa kulia na wa kushoto. Bi Mkasi alitandaza kitambaa bila kukikunja, akakata mkono, akageuka, akakata mwingine uleule, na mwingine, na mwingine. Alikata rundo zima. Yote ya kushoto.

Fundi mmoja, aliyeitwa Redio kwa sababu alipoamka alijiwasha na hakuzimwa mpaka alale, aliinua mikono miwili akaiangalia. "Lo! Walinzi hawa watapiga saluti kwa mkono mmoja tu, ule mwingine uko nyumbani!" Watu wakaangua kicheko. Kitinda hakucheka. Kitambaa kilikuwa cha kampuni, na kampuni ilichukua kilichobaki ikaondoka moja kwa moja.

Jioni ile Kitinda alimnyang'anya mama yake mkasi. Hakumpokonya kwa nguvu, hapana, aliutoa mkononi taratibu, kama unavyomtoa mtoto kisu. Bi Mkasi akaanza kwa kushona vishikizo. Vishikizo vikamshinda, akakalishwa kwenye benchi la wateja. Benchi nalo likaonekana linafukuza wateja, akapelekwa nyumbani, dirishani, na bakuli lake la uji.

Watu wana tabia moja mbaya. Mtu akishaonekana hayupo, wanazungumza mbele yake kama mbele ya kabati. Majirani walikuja kumtazama, wakatikisa vichwa, wakasema amekwisha, wakaomba chai. Na siku moja Kitinda alirudi kutoka kazini amechoka, akamkuta mama yake amevaa gauni nyuma mbele, analia kwa sababu haoni shingo ilipo. Akamvua, akamvalisha, akamwambia wifi yake juu ya kichwa cha mama:

"Afadhali angekufa na akili zake."

Mkwe akasema, "Usiseme hivyo, wifi. Mwache ale." Akampa kijiko.

Kilichomwokoa ni kuanguka. Miguu haikuisikia ngazi ya kibarazani, akapiga uso chini, wakamkimbiza kliniki akashonwe nyusi. Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, foleni yake imefika nje, lakini alipomwambia mgonjwa afungue mdomo, haraka ikamwisha. Aliutazama ulimi ule. Akamchomachoma nyayo kwa pini. Akauliza anakula nini.

"Chakula kizuri kabisa, daktari," mkwe akajibu, akijiona. "Cheupe tupu. Hajaonja nyama miaka mingapi sijui. Na dawa yake ya tumbo hakosi hata siku moja."

Walimpima damu, wakaitwa tena. Daktari alizungumza taratibu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu alizungumza akimtazama Bi Mkasi usoni, si juu ya kichwa chake. Kuna vitamini, alisema, inaitwa B12. Iko kwenye nyama, samaki, mayai, maziwa. Bila hiyo damu haitengenezeki vizuri, na mishipa ya fahamu inaharibika, kuanzia vidoleni mpaka kwenye ubongo. Wewe huipati kwenye chakula, na hata ukiipata kidogo, hivi vidonge vimekuzuia usiinyonye.

"Vidonda vilipona zamani, mama. Hii dawa ulipewa ya muda mfupi. Nani alikwambia uendelee nayo?"

Bi Mkasi alitafuta maneno, akayapata. "Hakuna aliyeniambia niache."

"Basi ubongo wako haujazeeka. Una njaa."

Mkwe alilia pale pale kwenye kiti, kilio cha msibani, mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. Alikuwa amebeba lile bakuli kwa mikono yake miwili, kila siku, amelifunika. Bi Mkasi alimwekea mkono begani. "Nyamaza," akasema. "Ulikuwa unaniua kwa mapenzi." Alidhani anambembeleza. Mkwe akazidi kulia.

Sindano zikaanza. Na nyumbani zikaja rangi: maini, samaki, mayai, maharage. Bi Mkasi alikula kama mtu aliyetoka kifungoni. Akili haikurudi kwa kishindo. Ilirudi kama umeme wa mtaani, taa moja inawaka, nyingine inasita, halafu unashangaa barabara nzima inaonekana. Bitana ikawa bitana. Alilala akiyataja kimoyomoyo maumbo ya wateja wake, huyu mabega mapana, yule kiuno juu, yule tumbo analolikana, na kila mmoja alikuwepo, amesimama mahali pake. Alifurahi mpaka akawa anacheka peke yake chumbani. Vidole viwili vya mwisho vilibaki na ganzi kidogo, lakini mkasi haushikwi kwa vidole hivyo.

Tatizo la taa ni kwamba zinamulika kila kitu. Yale maneno ya Kitinda nayo yalikuwepo, mazima, kila neno na sauti yake. Bi Mkasi hakuyasema. Mtoto alikuwa amechoka, alijiambia. Alitaka kitu kimoja tu duniani: meza yake.

Akarudi dukani. Kitinda alimkumbatia, akamvutia kiti, akawaambia mafundi wote wampigie makofi. Redio alitangaza habari za kurudi kwake mpaka kwa kinyozi. Meza alipewa. Siku ya kwanza akapewa akate vitambaa vya mezani, miraba mitupu, kazi ya mwanagenzi. Akakata. Siku zikaenda, akapewa foronya. Akakata, na moyo umejaa, akingoja siku atakayowekewa koti mbele yake. Hatimaye akawekewa sketi moja. Aliikata kwa raha zote, akatoka kunawa mikono, akarudi akamkuta Redio ameinama juu ya vipande vyake na futi ya kupimia.

"Redio, unapima nini?"

"Aa, Mama, najikumbusha tu kusoma namba."

"Nani kakutuma?"

Redio, ambaye hata usingizini hunong'ona, alifunga mdomo. Bi Mkasi akatambua kwamba hata zile foronya zilipimwa upya. Hata miraba.

Alimsubiri Kitinda mpaka mafundi wakatoka kwenda kula.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Mama."

"Sasa kwa nini napimwa kama mwizi anapekuliwa mlangoni?"

Kitinda aliupindua mkasi mezani, akaupindua tena. "Mama, wewe hukujiona. Mimi nilikuona. Uliushika huu mkasi ukaniuliza ni wa nini. Ulininyooshea huu mkasi ukaniita jina la marehemu dada yako."

"Nilikuwa naumwa. Nimepona."

"Najua umepona. Mimi ndiye sijapona." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa mgongo wa mkono. "Na wateja pia. Wanaingia, wanachungulia pazia, wananiuliza anayekata ni nani. Nikisema wewe, wanakumbuka wana safari, watarudi kesho. Niache nilitengeneze duka kwanza. Taratibu, Mama."

Mtoto hakusema uongo. Bi Mkasi akasema sawa, taratibu, akarudi kwenye foronya.

Akaja Mwalimu Mkuu. Huyu alikuwa mteja tangu duka lina cherehani kimoja, mwanamke wa rika la Bi Mkasi, mrefu, sauti ya paredi. Anastaafu, alisema, shule nzima itakuwepo, na anataka suti ya kuwafanya maadui zake wakose usingizi. Kitinda alimpima mwenyewe. Mteja alipokwisha kuondoka, Bi Mkasi akamfuata binti yake nyuma ya pazia.

"Bega lake la kulia limeshuka. Mkoba wa madaftari miaka yote hiyo. Ukipima mgongo hulioni, analiinua mbele za watu. Usikunje kitambaa. Kata kila upande peke yake, wa kulia ushushe kidole kimoja."

"Sawa, Mama," Kitinda akasema, kwa sauti ile anayomjibia mtu anayeeleza ndoto yake. Akakunja kitambaa, akakata pande zote mbili kwa pamoja. Redio alikuwepo, kashika pasi. Aliona na alisikia.

Siku ya kujaribu ikafika. Bi Mkasi alikuwa nyuma ya pazia, foronya mkononi. Alisikia Mwalimu Mkuu akiingia kwenye koti, akisimama mbele ya kioo, kisha kimya kile ambacho kila fundi anakijua na anakiogopa.

"Hii nini sasa? Mbona linaning'inia huku? Mbona shingo imekwenda kando? Nani amekata hili koti?"

Sherehe ilikuwa kesho kutwa. Mwalimu Mkuu alikuwa na mdomo wenye wasikilizaji mji mzima. Kitinda alilishika lile bega lililoning'inia.

"Mama ndiye aliyekata," akasema, sauti chini. "Unajua hali yake, mwalimu. Tunamwachia akatekate kidogo, asivunjike moyo. Nilipaswa kukagua. Nisamehe mimi."

Na ajabu ya Mungu, hasira yote ikayeyuka. "Ooh, masikini! Usijali, mwanangu. Usijali kabisa. Una moyo wewe. Utalirekebisha tu." Akaongeza kwamba wanawe yeye wasingemvumilia hivyo.

Bi Mkasi aliiweka foronya. Alilivuta pazia akatoka.

"Sikukata mimi."

Wote wakageuka. Redio akainamisha kichwa kwenye cherehani, akaanza kutafuta tundu la sindano ambayo ilikuwa tayari na uzi.

"Koti hili sikulikata mimi," Bi Mkasi akasema, polepole, kila neno mahali pake. "Bega lako la kulia limeshuka kidole kimoja. Ndivyo nilivyokukatia tangu gauni la harusi yako. Nilimwambia asikunje kitambaa, akakikunja. Redio alikuwepo. Redio, sema."

Redio hakusema. Ana watoto, na mshahara wake unatoka mkononi mwa Kitinda. Kitinda alimtazama mama yake, na macho yake yalikuwa yanaomba, yanaomba kabisa, kama alipokuwa mdogo amevunja kitu. Halafu akamgeukia mteja, akatabasamu kwa huzuni, akasema kwa upole:

"Leo ni mojawapo ya siku zake nzuri."

Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa, ameelewa.

Bi Mkasi alifungua mdomo apige kelele. Kelele zilikuwepo, tele, zimejaa kifua kizima. Na hapo akili yake, ile iliyorudi, ile iliyolishwa maini na sindano mpaka ikawa kali kuliko zamani, ikamwonyesha wazi kitakachotokea. Akipaza sauti, watamshika mikono wamkalishe. Akilia, watamletea maji. Akitaja vipimo vya mji mzima, watasema ajabu hii, yale ya zamani anayakumbuka. Hapakuwa na neno hata moja duniani ambalo lingetoka mdomoni mwake likafika masikioni mwao likiwa zima. Akaona afadhali angeliona hili zamani, akiwa na ukungu kichwani, lisingemuuma hivi.

Akafunga mdomo.

Mwalimu Mkuu alimsogelea, na koti lake lililopinda, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Miaka yote alimwita "fundi wangu." Sasa aliinama, akapaza sauti, akazivuta silabi moja moja, kama watu wanavyozungumza na viziwi na watoto wa darasa la kwanza.

"Bibi! Hujambo, Bibi? U-me-ku-la le-o?"

Bi Mkasi alimtazama usoni mwanamke huyu wa rika lake.

"Nimekula," akasema. "Mayai mawili."

"Mayai mawili!" Mwalimu Mkuu akampigia makofi, akawageukia wengine ili nao wapige. "Hongera, Bibi! Hongera sana!"

Na Kitinda, akitabasamu huku machozi yanamtoka, akapiga.